Kutoka Sigi hadi Amani kwa Miguu: Mwongozo wa Siku Mbili katika Misitu ya Usambara Mashariki

Msafiri anayetoka Tanga mjini kuelekea Muheza huiona milima ya Usambara Mashariki imejipanga upande wa magharibi, na mara nyingi vilele vyake huwa vimevaa kilemba cha wingu hata siku ambazo pwani jua linachoma. Wingu hilo limetoka baharini. Upepo wenye unyevu unaovuma kutoka Bahari ya Hindi, ambayo haiko hata kilomita 50 kutoka ukingo wa milima, hukutana na ukuta wa ardhi unaoinuka ghafla juu ya tambarare za mkonge na michungwa, hupanda, hupoa, kisha humwaga maji yake. Amani, iliyo juu ya milima hiyo, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ninaanza na jambo hili kwa sababu karibu kila uamuzi wa mtembeaji huku, kuanzia mwezi wa safari hadi soli ya kiatu, unatokana na unyevu huo.

Safari ninayoieleza ni ya siku mbili, kutoka lango la Sigi chini ya mlima hadi Amani juu, pamoja na njia fupi zinazoizunguka Amani. Wageni wengi hupandishwa kwa gari hadi juu, wakatembea saa moja bustanini, wakashuka siku hiyo hiyo. Naamini wanajinyima sehemu bora ya safari. Sigi iko takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari na Amani iko takriban mita 900, na katika mwinuko huo mmoja mtu hutoka kwenye joto la pwani lenye sauti za nyenje akaingia kwenye ubaridi wa msitu wa mlimani wenye kuvu na ndevu za miti. Anayepanda kwa miguu huyahisi mabadiliko hayo kwenye ngozi yake, hatua kwa hatua, na akifika juu anaelewa kwa nini mto Sigi aliouacha chini haukauki.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Miezi ya Julai, Agosti na Septemba ndiyo ninayoipendekeza. Ni wakati wa upepo wa kusi, mvua ni za rasharasha, njia ni ngumu chini ya mguu, na usiku kule juu unahitaji sweta. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, pia panafaa, ila joto la Sigi saa sita mchana litakuchosha kabla hujaanza kupanda, kwa hiyo ni lazima uanze mapema zaidi. Mvua za vuli, ambazo huanguka kati ya Oktoba na Desemba, zinavumilika kwa mtu aliyejiandaa, kwa kuwa mara nyingi asubuhi huwa na nafasi ya saa kadhaa za ukavu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nashauri uyaache. Udongo wa Usambara ni mwekundu na mfinyanzi, na ukilowa huwa kama sabuni. Nilishuka mteremko mmoja mwezi wa Aprili nikiwa na viatu vya soli laini, na mita 200 tu za njia zilinichukua zaidi ya nusu saa, nikishika mashina ya miti kwa mikono miwili na kuketi chini kila nilipokosa shina. Sikuumia, lakini mwenzangu alitegua kifundo cha mguu, na kumshusha hadi barabarani kulituchukua mchana wote. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote kwamba masika yanaweza kujaribiwa.

Hatua ya pili: fika Muheza, kisha Sigi

Muheza iko kwenye barabara kuu itokayo Tanga, na mabasi na kosta hupita hapo kutwa nzima. Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Moshi anaweza kushuka papo hapo bila kufika Tanga mjini. Kutoka Muheza hadi Sigi ni mwendo wa kilomita 26 hivi, na sehemu kubwa ni barabara ya vumbi. Magari ya abiria yanayopanda Amani ni machache, na kwa desturi ya magari ya milimani hupanda mchana na kushuka alfajiri, kwa maana yanafuata wakulima wanaopeleka mazao sokoni na kurudi na bidhaa. Ratiba hiyo haimfai mtu anayetaka kuanza kupanda asubuhi. Njia mbili zinafaa: ulale Muheza, kisha ukodi bodaboda au gari dogo alfajiri, au upande na gari la mchana, ushuke Sigi, ulale katika nyumba ya wageni ya hifadhi. Mimi huchagua ya pili, kwa kuwa kulala kando ya mto kuna faida yake, na pia asubuhi huwa na mwili uliopumzika.

Kabla ya kuondoka Muheza, nunua chakula cha njiani. Machungwa ya Muheza yana sifa nchi nzima, na msimu wake ukiwadia utayakuta yamerundikwa barabarani. Machungwa manne au matano begini ni maji na sukari kwa pamoja. Ongeza karanga, mkate au maandazi, na ndizi. Toa pesa taslimu pia, kwa sababu juu hakuna benki, na mtandao wa simu hupatikana mahali pengine na kupotea mahali pengine.

Hatua ya tatu: lipa na umpate mwongoza wageni

Msitu huu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na yenye eneo la zaidi ya hekta 8,000, na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali ambayo ofisi hukutolea, kisha unalipa kwa simu au kwa wakala wa benki. Wananchi hulipa pungufu ya wageni kutoka nje, kwa hiyo chukua kitambulisho chako. Tunza risiti mpaka mwisho wa safari, kwa kuwa unaweza kuulizwa tena ukifika juu.

Jengo la ofisi pale Sigi linastahili robo saa ya muda wako. Lilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni wakati wa Wajerumani, maana hapa ndipo ilipokoma reli nyembamba iliyotoka Tengeni, yenye urefu wa kilomita 23 hivi, ambayo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili kushusha magogo kutoka mlimani. Ukijua kwamba reli nzima ilijengwa kwa ajili ya mbao tu, utapata picha ya ukubwa wa miti iliyokuwa hapa.

Mwongoza wageni si lazima kwa mtu anayefuata barabara kuu ya kupanda, lakini kwa njia za ndani ya msitu nasisitiza umchukue. Vijana wanaofanya kazi hii wamezaliwa katika vijiji vya huku, wanajua njia ipi imefungwa na mti ulioanguka jana, na wengi wanayajua majina ya miti kwa Kisambaa na kwa kitaalamu. Mpatane mambo matatu kabla ya kuondoka: bei ya siku nzima au ya saa, nani atamlisha, na saa ya kurudi. Ukiyanyamazia, mtaanza kuvutana mkiwa katikati ya msitu, mahali ambapo kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Hatua ya nne: viatu kwanza, mengine baadaye

Geuza kiatu chako utazame soli. Kama meno yake hayaingii ncha ya kidole cha shahada, usiende nacho. Wakulima wa huku huvaa gambuti au makubazi ya matairi, na kwa tope gambuti haina mpinzani, ila kwa kupanda kwa saa nne humsugua mtu nyuma ya kisigino. Buti jepesi linalofunika kifundo, lililokwisha kuvaliwa kwa wiki kadhaa, ndilo bora. Vaa soksi ndefu, kisha ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi hizo. Utaona watu wakikutazama, lakini kupe na siafu hawatapata mlango.

Mengine ni machache: koti la mvua jepesi ambalo halitoki begini hata jua likiwa kali, sweta, tochi, filimbi, fimbo imara yenye urefu wa kufika kifuani, dawa za kawaida za huduma ya kwanza, mafuta ya kufukuza mbu, na lita mbili za maji kwa kila mtu. Simu na pesa zitiwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Nguo za kulalia nazo zifungwe hivyo hivyo, kwa sababu huku mvua si lazima ikunyeshee ndipo ulowe. Ukungu peke yake unatosha.

Hatua ya tano: kupanda

Anza saa moja asubuhi. Umbali wa kutoka Sigi hadi Amani kwa barabara haufiki kilomita 10, na mtu mwenye afya ya kawaida, akisimama kutazama na kupumzika, atatumia saa tatu hadi nne. Barabara hupinda na kupanda polepole ndani ya msitu, na magari ni machache mno kiasi kwamba utayasikia muda mrefu kabla hayajakufikia. Njia za miguu zinazokata kona ni fupi lakini kali. Zifuate tu ukiwa na mwongoza wageni.

Kabla ya kuupa mto mgongo, tazama miamba yenye kivuli kando yake. Kwenye nyufa zake huota mmea mdogo wenye majani mazito yenye manyoya laini kama ya sikio la paka, na maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Wasambaa huuita dughulushi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya hii, alituma mbegu zake kwao, na leo vizazi vyake vimo ndani ya vyungu madirishani duniani kote, ilhali nyumbani kwake mmea huu unashikilia miamba michache tu. Piga picha, usiguse. Jani lake moja likivunjika ni hasara kwa mmea usiokuwa na pengine pa kukimbilia.

Nusu ya kwanza ya njia, sikiliza zaidi kuliko unavyotazama. Kishindo cha matawi juu ya kichwa ni kima au mbega, na mbega utamtambua kwa manyoya meupe mabegani. Mlio mzito wa kuvuta na kuachia hewa, kama mtu anayevukuta moto kwa mvukuto, ni mabawa ya hondohondo wanaopita juu ya kilele cha msitu. Ndege hawa wana sehemu yao katika tatizo kubwa la huku. Wanapenda matunda ya mhesi, mti uliopandwa na wataalamu wa misitu kwa sababu hukua haraka, na kila wanapoangusha mbegu zake kwenye uwazi ulioachwa na mti uliokatwa, mhesi huota na kuitangulia miti ya asili. Mwombe mwongoza wageni akuonyeshe mhesi mmoja, kisha akuonyeshe mtambara, wenye shina lililonyooka kama nguzo ya msikiti, na msambu, ambao matunda yake makubwa huanguka yenyewe na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Ukishaitambua miti hiyo mitatu utaweza kujisomea mwenyewe, kwa njia yote iliyobaki, ni wapi msitu ni wa asili na ni wapi uliwahi kukatwa.

Pumzika kila baada ya dakika 45, hata kama hujachoka. Kunywa kidogo kidogo. Mtu akianza kutetemeka, kuumwa kichwa au kujibu maswali ovyo, mketishe kivulini, mpe maji yenye sukari na chumvi kidogo, na msiendelee mpaka amekaa sawa.

Maji ya mto Sigi na vijito vyake hushuka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo hunywewa na wakazi wa Tanga mjini. Kwa hiyo usioge wala kufua kwa sabuni ndani ya kijito, na haja yoyote ifanyike mbali na maji, angalau hatua 60, na ifukiwe. Vilevile usivuke kijito kilichobadilika rangi ghafla, hata kama mbingu juu yako ni nyeupe. Rangi ya chai ya maziwa ina maana kwamba mvua imenyesha juu na maji yako njiani.

Hatua ya sita: kulala Amani

Hifadhi ina nyumba ya wageni pale juu pia, yenye vyumba vya kawaida na jiko linalopika kwa kuagizwa. Toa taarifa kabla ya kufika, au sivyo utasubiri chakula mpaka usiku. Hakikisha kitanda kina chandarua kisichotoboka. Watu hudhani ubaridi wa mlima umewamaliza mbu, lakini historia ya mahali penyewe inasema vingine. Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea hapa mwaka 1902, miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo mkwinini kwa ajili ya dawa ya malaria, na baadaye Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria kwa miaka mingi.

Lala mapema.

Hatua ya saba: siku ya pili

Amka saa kumi na moja na nusu. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kilima cha Mbomole, na uzuri wake uko asubuhi pekee. Saa hiyo ukungu huwa umelala mabondeni, na ukisimama juu unaona vichwa vya vilima vimechomoza kama visiwa, huku mashamba ya chai yakianza kuonekana pindo kwa pindo jua linapopanda. Ikifika saa nne ukungu umeinuka na kufunika kilima chenyewe, na atakayefika wakati huo ataona mikono yake tu. Asubuhi isipokuwa na ukungu mzito, macho hushuka mpaka tambarare za Muheza.

Ukirudi, pita bustani ya mimea. Msiipitie kwa haraka mkiita kila mti “mti mkubwa”. Taasisi ile ilileta mimea kutoka mabara mengi ili kujaribu ipi itaifaa koloni, na iliyonusurika imekuwa mikubwa kupita kiasi katika mvua hii: mianzi minene kama paja, michikichi, mikafuri, miti ya viungo. Mwenye hamu na mimea atataka nusu siku nzima.

Mwenye hamu na watu aende upande wa Derema na Kwamkoro, ambako njia hukata kati ya chai, msitu na vijiji. Hapa utaona iliki, pilipili manga inayopanda juu ya miti mingine, mdalasini na mikarafuu. Iliki hupenda kivuli cha msitu, na kwa miaka mingi wakulima waliilima chini ya miti mikubwa, jambo lililoudhoofisha msitu pole pole kwa kuwa miche ya asili ilifyekwa ili kuipisha. Sehemu ya msitu wa Derema ilipohifadhiwa, wakulima waliokuwamo walilazimika kuiacha iliki yao na kulipwa fidia. Kumbuka historia hiyo kabla ya kutoa maoni yako kuhusu uhifadhi mbele ya mzee wa kijiji, na usikilize kwanza.

Salamu hutangulia. Wenyeji ni Wasambaa kwa wingi, na Wabondei ukishuka kuelekea Muheza, na wote wanajua Kiswahili, lakini “onga maundo” ya asubuhi ikitoka mdomoni mwa mgeni hufungua nyuso. Wakubwa waamkie shikamoo. Usipite katikati ya shamba kwa kuwa tu njia inaonekana fupi. Piga hodi, uulize. Picha ya mtu iombwe, na ya mtoto iombwe kwa mzazi. Viungo nunua kwa mkulima mwenyewe, kwa bei aliyoitaja au iliyo karibu nayo.

Hatari ndogo zinazostahili kujulikana

Siafu ndio wanaoharibu safari nyingi. Huvuka njia kama utepe mweusi unaometameta, hasa baada ya mvua. Tazama unapokanyaga, waruke kwa hatua moja ndefu, usisimame kuwashangaa. Wakishaingia mwilini, ondoka mahali hapo mita kadhaa kwanza ndipo uvue nguo na kuwachomoa mmoja mmoja, kwa sababu anayesimama papo hapo huongezewa wengine. Upupu hupatikana kingoni mwa mashamba. Maganda yake yenye manyoya ya kahawia yasiguswe, na ukiguswa usikune, futa kwa kitambaa chenye mafuta au kwa udongo mkavu, kisha uoshe. Kuhusu nyoka, gonga ardhi kwa fimbo, usitie mkono mahali usipopaona, na akimuuma mtu, mlaze, mtulize, mwuache mguu bila kukata wala kukaza kamba, na mpelekwe hospitali mara moja. Kinyonga mwache tawini. Baadhi ya vinyonga wa huku hawapatikani nje ya milima hii, na kuwabeba au kuwatoa hifadhini ni kosa la kisheria.

Ukipotea, simama. Piga filimbi mara tatu, subiri, rudia. Usifuate kijito ukidhani kitakushusha, maana vijito vingi vya Usambara hupita kwenye maporomoko.

Hatua ya mwisho: kushuka

Kushuka huumiza magoti na vidole kuliko kupanda. Kata kucha kabla ya safari, kaza kamba za viatu sehemu ya juu ili mguu usisukumwe mbele, na piga hatua fupi. Ondoka Amani kabla ya saa saba mchana, kwa kuwa ndani ya msitu giza huingia mapema: ikifika saa kumi na moja jioni chini ya miti huoni tena mizizi, ingawa angani bado kuna mwanga. Anayetaka kupumzisha magoti apande gari la alfajiri linaloshuka Muheza, akiwa amempa taarifa dereva au kondakta tangu jana yake na kukubaliana mahali pa kusimama.

Takataka zote, pamoja na maganda ya machungwa, zishuke nawe. Pale Sigi, pita ofisini uandikishe kwamba umetoka, na uwaeleze wahusika ulichokiona njiani: mti ulioanguka, daraja lililolegea, sauti ya msumeno mahali isipotakiwa. Asubuhi inayofuata kuna mtu mwingine atakayeuliza kama njia inapitika, na jibu atakalopewa litatokana na maneno yako.